Mapigo 170 huku unapiga soga? Saa hiyo inahesabu hatua zako

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Kihesa, Iringa. Ana miaka 38, huu ni mwaka wa pili anakimbia na kikundi cha jogingi, na ameshamaliza kilomita 21.1 mara moja kwa saa 2 na dakika 31. Anataka kushuka hadi 2:15. Amenunua saa ya kupima mapigo ya moyo, akasoma mahali kwamba ajenge msingi wa ustahimilivu kwa kukimbia chini ya mapigo 142, yaani 180 toa umri wake, akaweka king'ora kwenye namba hiyo. Anaandika:

"Shikamoo kocha. Wiki ya tano sasa sina raha. Nikitoka alfajiri saa inapanda 168, 170, na mimi naongea na mwenzangu vizuri tu. Nikipunguza mwendo haishuki. Jua likishatoka, kama kilomita ya tano hivi, inashuka yenyewe hadi 144 bila mimi kubadilisha chochote. Nikipanda mlima wa Ipogolo kwa kutembea nahema kama nimekimbizwa, saa inasema 118. Wenzangu wananiita bibi harusi kwa jinsi ninavyojikongoja. Je, moyo wangu una tatizo? Hiyo 142 ni sahihi? Na sisi wa milimani tutakimbiaje taratibu wakati kila njia inapanda?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la moyo maana ndilo linalokunyima raha. Kwa dalili ulizotaja, wa kwanza kushukiwa ni saa. Mtu wa miaka 38 ambaye moyo wake unapiga 170 kweli hapigi soga. Atakujibu neno moja moja huku anavuta hewa. Na anayehema kama amekimbizwa hawezi kuwa na 118. Namba zako zimegeuka kichwa chini miguu juu, na ukizitazama vizuri utaona zinafanana na kitu kingine kabisa. Mkimbiaji wa kawaida akienda taratibu hupiga hatua kama 160 hadi 175 kwa dakika. Anayepanda mlima kwa kutembea kwa bidii hupiga 110 hadi 120 hivi. Saa yako imeacha moyo, inahesabu miguu.

Inakuwaje? Zile taa za kijani mgongoni mwa saa zinamulika ngozi, na kijicho kilicho katikati yake kinapima mwanga unaorudi. Kila moyo unaposukuma, damu inaongezeka kidogo kwenye vimishipa vya mkono, mwanga unaorudi unapungua, saa inaandika pigo moja. Sasa chukua alfajiri ya Juni pale Iringa. Mikono imepoa, mishipa ya ngozi imejikunyata, damu inayopita pale ni kidogo. Wakati huohuo mkono unarushwa mbele na nyuma, saa inachezacheza, na mtikisiko wa kila hatua unakuwa na nguvu kuliko pigo la damu. Programu ya saa kazi yake ni kutafuta mdundo unaojirudia. Inaukuta wa miguu, inaushika huohuo. Ndiyo maana ukipunguza mwendo namba haishuki: unafupisha hatua, lakini idadi yake kwa dakika inabaki karibu ileile. Jua likitoka na mwili ukipata moto, damu inarudi kwenye ngozi na saa inauona moyo. Ile 144 ya kilomita ya tano ndiyo namba ya kwanza ya kuaminika katika asubuhi yako nzima.

Usinikubalie tu, hakikisha mwenyewe. Saa ikionyesha 168, simama pembeni ya barabara, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, shingoni kando ya koo, upande mmoja tu, bila kubonyeza sana. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Anza ndani ya sekunde mbili tatu za kusimama, maana moyo wa mtu wa mazoezi unashuka upesi na ukichelewa nusu dakika utakuwa unapima mapumziko. Pigo unaloanza nalo liite sifuri, usiliite moja, la sivyo umejiongezea mapigo manne ya bure. Ukipata 34 au 36, moyo ulikuwa kwenye 136 au 144 na saa imekudanganya. Ukipata 42, hiyo ni 168 ya kweli. Basi ruka yote yaliyobaki, soma kule chini nilipoandika kuhusu hospitali.

Dawa ya saa ni rahisi. Ivae juu ya kile kifupa cha mkono, nafasi ya vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, ikaze mpaka isiteleze, na shusha mkono wa sweta juu yake. Pasha mwili moto ndani ya nyumba kabla ya kufungua mlango. Ukiwa na uwezo, nunua mkanda wa kifuani. Huo unapima umeme wa moyo wenyewe, hauna habari na baridi ya mkono. Lowesha kwa maji zile sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa. Ukiuvaa mkavu nao utakuongopea mpaka jasho lianze kutoka. Ninaowafundisha hapa Uyole, Mbeya, ikifika Juni na Julai, nawakataza kabisa kuangalia saa ya mkononi katika dakika 20 za mwanzo.

Tuje kwenye 142.

Kanuni ya 180 toa umri ni ya Mmarekani Phil Maffetone, na kati ya walioifuata ni Mark Allen, aliyeshinda mara sita Ironman ya Hawaii, yale mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia. Ina masharti ambayo wengi wanayaruka. Aliyetoka kuugua sana, au anayetumia dawa kila siku, anatoa 10 zaidi. Anayeumia mara kwa mara au kushikwa na mafua kila msimu anatoa 5. Aliyefanya mazoezi bila kukatisha kwa zaidi ya miaka miwili na anaona maendeleo anaongeza 5. Mimi naichukua kama mahali pa kuanzia kwa mtu asiye na kipimo kingine, basi. Kuhusu moyo wako haijui lolote zaidi ya mwaka uliozaliwa.

Na hiyo ndiyo shida ya kanuni zote za umri. Ile maarufu, 220 toa umri, inakupa kikomo cha juu cha mapigo 182. Ile ya baadaye, 208 toa asilimia 70 ya umri, inakupa 181. Zinakubaliana kwa kuwa unakaribia miaka 40, lakini zote ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mapigo 10 au 12 juu au chini, wengine hata zaidi. Kuwa na kikomo cha 172 si ugonjwa, na kuwa na 196 si sifa.

Tuone hilo linafanya nini kwako. Tuseme asubuhi kabla hujatoka kitandani moyo unapiga 62. Toa hiyo kwenye kikomo chako, kinachobaki ndiyo akiba, na mazoezi ya msingi yanakaa kati ya asilimia 60 na 70 ya akiba hiyo, ukiijumlisha na zile 62. Kikomo kikiwa 186, akiba ni 124 na eneo lako ni 136 hadi 149. 142 imekaa katikati raha mustarehe. Kikomo kikiwa 172, eneo linakuwa 128 hadi 139, na hiyo 142 unayoiheshimu tayari ni kali. Kikomo kikiwa 196, eneo ni 142 hadi 156, na wiki zote hizi ungekuwa umejibana bure. Watu watatu wenye umri mmoja, king'ora kimoja, na kila mmoja anaambiwa jambo tofauti.

Kukijua kikomo chako, huo mlima wa Ipogolo unaoulalamikia ndiyo maabara yenyewe. Vaa mkanda wa kifuani, kimbia taratibu dakika 20, kisha panda kwa nguvu dakika tatu. Shuka kwa kutembea, panda tena kwa nguvu zaidi, shuka, na mara ya tatu panda mpaka dakika ya mwisho usiwe na cha kubakiza. Namba ya juu kabisa itakayoonekana ni kikomo chako, au pungufu kwa mapigo machache. Lakini usiguse zoezi hili kabla hujapima presha na kumweleza daktari unachotaka kufanya, hasa kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyeondoka ghafla kwa moyo. Na usiende peke yako.

Kama huna mkanda, au huna hamu ya mateso hayo, tumia pumzi. Wewe umesoma shule za hapa na sasa unafundisha, mchakamchaka unaujua. Anayeongoza wimbo wa mchakamchaka bila shida yoyote yuko chini kabisa ya eneo la msingi, anaweza hata kuongeza kidogo. Anayeitikia kibwagizo kizima, na wimbo ukiisha akasimulia habari za jana kwa sentensi kamili, yuko palepale panapotakiwa. Anayeweza kuitikia neno la mwisho tu ameshatoka nje, hata kama saa inasema 138. Pumzi na saa zikigombana, mimi huamini pumzi kwanza kisha nahesabu shingoni kujua nani mkweli. Wewe ulikuwa na ushahidi wa pumzi tangu wiki ya kwanza: ulikuwa unaongea na mwenzako.

Kwa nini tujisumbue na huu mwendo wa bibi harusi? Kwa sababu mbio ya saa mbili na nusu inaendeshwa karibu yote na oksijeni. Ile njia ya mkato ya mwili, kuchoma sukari upesi bila kungoja oksijeni, inafaa kwa dakika chache tu. Kwa hiyo kinachoamua ni mwili wako una uwezo gani wa kuichukua oksijeni, kuisafirisha na kuitumia, na mazoezi ya taratibu yanajenga hivyo vyote. Kwanza maji ya damu yanaongezeka, na hilo huanza ndani ya wiki moja mbili. Kisha chumba cha kushoto cha moyo kinapanuka na kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ndiyo maana mkimbiaji aliyekomaa moyo wake hupiga mara chache kwa kazi ileile. Kapilari, vile vimishipa vyembamba kuliko unywele, vinaongezeka kuzunguka nyuzi za misuli. Ndani ya nyuzi zenyewe mitokondria, ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu, zinazidi kwa idadi na ukubwa. Na misuli inajifunza kuchoma mafuta zaidi, sukari ikatunzwa.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwako. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inamtosha mtu anayejisukuma kwa dakika 90 hadi saa mbili hivi. Wewe ulikaa barabarani saa mbili na nusu. Kama kilomita za mwisho miguu ilikuwa mizito kama si yako, sasa unajua ni nini kilichokwisha. Mshindi wa mbio hizohizo hahangaiki sana na hili kwa sababu anamaliza baada ya saa moja na kidogo. Mtu wa saa mbili na nusu ndiye anayehitaji msingi mpana kuliko wote, na cha ajabu ndiye anayeuruka.

Mabadiliko haya mengi yanahitaji miezi. Wiki tano ni mwanzo tu, tena za kwako zimeliwa na king'ora.

Kosa ninaloliona sana huku kwetu, Mbeya na Iringa, ni mtu kukimbia siku zote mwendo mmoja wa katikati, si uji si ugali: mkali mno kwa kujenga msingi, mlegevu mno kwa kujenga kasi. Ni ule mwendo wa kikundi cha Jumamosi ambapo hakuna anayetaka kuachwa. Unarudi nyumbani umechoka, unajisikia umefanya kazi, na mwaka unaisha muda wako uko palepale.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ukae chini ya namba fulani miezi sita bila kuguswa na chochote kikali. Arthur Lydiard wa New Zealand, ambaye makocha wengi wanamhesabu kama baba wa mazoezi ya msingi, aliwapeleka wakimbiaji wake hadi kilomita 160 kwa wiki, akiwemo Peter Snell ambaye mbio yake ilikuwa mita 800 tu na akaichukulia dhahabu ya Olimpiki Roma 1960. Lakini Lydiard hakuwa mtu wa kutambaa. Kilomita zile zilikuwa na milima na mwendo wa kueleweka. Na mtafiti Stephen Seiler alipoangalia wanariadha wakubwa wa michezo ya ustahimilivu wanavyofanya mazoezi, alikuta takriban asilimia 80 ni ya taratibu na iliyobaki ni kali kweli. Iliyobaki ipo. Haijafutwa.

Kwa mwalimu mwenye vipindi na daftari za kusahihisha, hiyo maana yake ni siku nne. Siku mbili za katikati ya wiki, dakika 45 hadi 60 ndani ya eneo. Siku moja ndefu, Jumapili kama ratiba ya ibada inaruhusu, uanze na dakika 80 na kuongeza kama 10 kila baada ya wiki mpaka saa mbili, na kila wiki ya nne upunguze. Siku ya nne ndiyo Jumamosi yako na kikundi, na hiyo waachie wakupeleke puta, usiangalie saa hata kidogo. Katika moja ya siku za taratibu, mwishoni, weka vipande sita vya kukimbia kwa wepesi sekunde 20, ukipumzika mpaka pumzi irudi. Humo mapigo hayana maana yoyote, moyo unachelewa kupanda na sekunde 20 zinakwisha haujafika.

Sasa milima, maana swali lako la tatu ndilo zuri kuliko yote.

Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sisi Mbeya tuko juu zaidi kidogo. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo kwa mwendo uleule moyo unapiga zaidi. Usijilinganishe na rafiki yako wa Dar anayekutumia picha za mwendo wake. Na ukishuka kwenda Dar usidhani utapaa, joto na unyevu wa kule nao hupandisha mapigo, maana damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi inayotafuta kupoa.

Kwenye mwinuko, ongoza kwa juhudi na uisahau kasi. Fupisha hatua, inua kifua, angalia mita chache mbele, na mapigo yakipita juu ya eneo kwa matano hivi usifanye lolote, yatashuka ukifika juu. Yakizidi hapo, tembea. Kutembea mlimani kwa mapigo 140 na kukimbia tambarare kwa mapigo 140 kwa moyo ni kazi moja. Huku kwetu anayepandisha barabara ya Chunya kupitia msitu wa Kawetere akitaka kubaki ndani ya eneo, sehemu kubwa ya njia atatembea, awe nani. Kwa siku zako za taratibu afadhali utoke Kihesa kwa barabara ya Dodoma kuelekea Nduli. Ina vilima vyake, lakini haina ukuta kama wa Ipogolo. Ipogolo iwekee siku ya Jumamosi.

Mteremko nao una mtego. Moyo unatulia, saa inakusifu, nawe unajiachia. Mapaja ndiyo yanayolipa: kila hatua ya kushuka yanafanya kazi ya breki, na kesho yake hushuki ngazi. Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka.

Wanaokuita bibi harusi, waambie hivi. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025 alitumia saa 2:09:48, ambayo ni dakika 3 na sekunde 5 hivi kwa kila kilomita. Wakimbiaji wa kiwango hicho katika siku zao nyepesi huenda polepole kuliko hapo kwa zaidi ya dakika nzima kwa kilomita. Wewe mwendo wako wa mbio ulikuwa 7:09. Siku nyepesi ukienda 8:20 hujavunja heshima ya mtu.

Utajuaje kwamba msingi unajengeka? Mara moja kwa mwezi, njia ileile, saa ileile, pasha mwili moto dakika 15, kisha kimbia kilomita 5 ukiwa umeshikilia 142 kwa mkanda au kwa pumzi uliyokwisha kuisahihisha. Andika muda. Usifanye kila wiki, upepo wa barabara ya Nduli pekee unatosha kukuharibia matokeo na moyo wa kuendelea. Baada ya miezi miwili au mitatu muda unapaswa kuwa umeshuka kwa mapigo yaleyale. Kipimo cha pili ni siku ndefu: shika mwendo mmoja kwenye njia isiyo na milima mikali, linganisha wastani wa mapigo wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili. Ukipanda kwa zaidi ya asilimia 5, tuseme kutoka 140 hadi 149, msingi bado, au ulitoka bila kunywa maji. Cha tatu ni mapigo ya kitandani asubuhi. Ukiyajua ya kawaida, siku ukikuta yamepanda kwa 8 au 10 pumzika. Mara nyingi mafua, malaria au usiku wa kusahihisha mitihani vinaonekana hapo kabla hujavihisi.

Kama miezi mitatu imepita, kipimo ni cha uhakika, umelala na kula vizuri, na bado muda haujasogea, nenda kapime wingi wa damu. Kwa mwanamke mkimbiaji hilo nalianza mimi kabla ya kubadilisha mazoezi. Damu ikipungua, kila pigo linabeba oksijeni kidogo na moyo unalazimika kupiga zaidi, hakuna programu itakayokuokoa. Na hapa nitawaudhi watu wa Mufindi na Rungwe: chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, hasa yale ya maharage na mboga za majani. Inywe saa moja au mbili baadaye, na kwenye mboga kamulia ndimu. Ujauzito nao hupandisha mapigo, na baadhi ya dawa za presha, kama atenolol, huyashusha kiasi kwamba kanuni zote nilizotaja hazifai. Anayezitumia akimbie kwa pumzi tu, kwa ushauri wa daktari wake.

Hospitali sasa. Kama kipimo cha shingoni kimethibitisha mapigo ya juu sana katika mwendo wa kuongea, au umewahi kubanwa kifua, kuona giza, kuzimia, au kuhisi moyo unaruka-ruka bila mpangilio ukiwa umekaa, acha kukimbia mpaka upimwe umeme wa moyo. Ni kipimo cha muda mfupi, unalala kitandani unabandikwa waya, hakiumi.

Kuhusu hiyo 2:15, ni mwendo wa 6:24 kwa kilomita, sekunde 45 chini ya ulikotoka. Kwa mtu wa miaka miwili ya jogingi ambaye hajawahi kujenga msingi naiona inawezekana, ila sitakupangia mazoezi ya kasi leo. Nitumie kwanza namba tatu: mapigo ya kitandani kwa asubuhi saba, hesabu ya shingoni siku saa itakapoonyesha 168, na muda wa kilomita 5 za kwanza kwa 142. Na king'ora kizime leo hii.